Kukwangua hedi au kubadili kamshafti: nguvu ya injini inatoka wapi hasa?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Ninaishi Ngamiani hapa Tanga na nina Corolla yenye injini ya 4A-FE. Karibu kila mwezi hupanda Lushoto kumwona mama, na kati ya Mombo na Soni gari linachoka kabisa, hasa nikiwa na abiria. Fundi wangu anasema tukwangue hedi milimita 1 ili kompresheni ipande. Rafiki yangu amepata kamshafti ya mashindano kutoka Mombasa, naye anasema nguvu iko kwenye kamshafti, si kwenye hedi. Nani yuko sahihi, na je, naweza kufanya yote mawili kwa pamoja?"

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Fundi wako na rafiki yako kila mmoja ameshika nusu ya jambo. Hedi ni kichwa cha injini kinachofunika silinda, na kamshafti ni shafti yenye nundu zinazofungua na kufunga valvu za hewa na moshi. Uwiano wa mgandamizo (kompresheni), yaani nafasi yote ya silinda pistoni ikiwa chini ukiigawanya kwa nafasi inayobaki ikiwa juu, na muda wa kufunguka na kufunga kwa valvu havishindani, kwa sababu kamshafti ndiyo inayoamua ni kiasi gani cha ule mgandamizo uliouandaa kwenye hedi kitapatikana kweli ndani ya silinda. Kwa safari unayoieleza, kamshafti ya mashindano itakupunguzia nguvu pale unapoihitaji, na milimita 1 ya hedi ni nyingi kwa gari linaloishi Tanga. Nitakueleza sababu kwa hesabu, kwa kuwa katika jambo hili maneno matupu ndiyo yanayowaponza watu wengi.

Tuanze na hedi. Injini ya 4A-FE ina silinda zenye kipenyo cha milimita 81 na pigo la milimita 77. Ukipiga hesabu, pistoni moja ikitoka kikomo cha chini hadi kikomo cha juu inafagia sentimita za ujazo 396.8, na kwa silinda nne ndipo inapatikana ile 1,587 inayoandikwa kwenye kadi ya gari. Uwiano wa mgandamizo wa injini hii ni 9.5 kwa 1, maana yake nafasi inayobaki juu ya pistoni ikiwa kileleni, pamoja na unene wa gasketi, ni kama sentimita za ujazo 46.7. Ukikwangua milimita 1, unapunguza nafasi hiyo kwa kadiri ya upana wa mdomo wa chumba cha mwako. Mdomo ungekuwa mpana sawasawa na silinda, ungeondoa 5.15, lakini chumba cha hedi hii kina kingo zilizobana, kwa hiyo tuchukue 4.5. Nafasi inabaki 42.2 na uwiano unafika karibu 10.4.

Sasa faida yake. Nadharia ya injini ya petroli, ile ya mzunguko wa mapigo manne ambao Nikolaus Otto aliufanikisha mwaka 1876, inasema kwamba kadiri gesi inavyopanuka zaidi baada ya kuwaka, ndivyo sehemu kubwa ya joto lake inavyogeuka kuwa kazi badala ya kutoka bure kwenye eksozi. Kwa hesabu ya nadharia hiyo, uwiano wa 9.5 unatumia asilimia 59.4 ya joto, na uwiano wa 10.4 unatumia asilimia 60.8. Injini halisi haifiki hata karibu ya namba hizo kwa sababu ya msuguano na joto linalopotelea kwenye maji na kuta za silinda, lakini tofauti kati yake inatupa picha ya kweli: ni ongezeko la kama asilimia 2 na nusu. Injini ya nguvu farasi 100 itapata 2 au 3. Uzuri wake ni kwamba ongezeko hilo unalipata kwenye kila mwendo wa injini, chini na juu, na mafuta yanapungua kidogo. Ubaya wake ni kwamba kila unapozidi kupanda, kila hatua inakupa kidogo kuliko ile iliyotangulia, huku hatari ya injini kugonga ikiongezeka. Hapo nitarudi.

Upande wa kamshafti una utajiri zaidi, na ndiko watu wengi wanakopotea. Wengi tumefundishwa kwamba valvu ya kuingiza inafunguka pistoni ikianza kushuka na inafunga pistoni ikifika chini. Ingekuwa hivyo, injini isingekimbia. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua sehemu 10 za elfu za sekunde, na pigo zima la kuvuta hewa linapata sehemu 5 tu. Hewa ina uzito, na ikishaanza kukimbia ndani ya manifodi, yale mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda, haisimami ghafla kwa sababu pistoni imesimama. Kwa hiyo mtengenezaji anaiacha valvu wazi hata baada ya pistoni kupita kikomo cha chini na kuanza kupanda, ili ule msukumo wa hewa uendelee kuijaza silinda. Kwenye kamshafti ya gari la kawaida valvu hufunga digrii 40 hadi 50 za mzunguko wa krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) baada ya kikomo cha chini. Kwenye kamshafti ya mashindano, ambayo nundu zake ni pana na ndefu, hufunga digrii 70 au hata zaidi.

Kwenye mwendo mkubwa, kuchelewa huko ni faida tupu. Lakini shusha injini hadi mizunguko 1,500 au 2,500, ambako hewa inatembea polepole na haina msukumo wa kutosha. Pistoni inapanda, valvu bado iko wazi, na sehemu ya mchanganyiko uliokwisha kuingia inasukumwa kurudi kwenye manifodi. Kilichorudi hakigandamizwi na hakiwaki. Mgandamizo wa kweli unaanza valvu inapofunga, si pistoni inapokuwa chini kabisa.

Hebu tuiweke hesabu hiyo kwenye injini yako. Konrodi ya 4A, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, ina urefu wa milimita 122. Tuseme valvu inafunga digrii 45 baada ya kikomo cha chini: pistoni imebakiwa na safari ya milimita 68.8 kati ya zile 77, na mgandamizo wa kweli ni 8.6 kwa 1 ingawa kitabu kinasema 9.5. Ukiweka kamshafti inayofunga digrii 70, safari iliyobaki ni milimita 57.2 tu na mgandamizo wa kweli unashuka hadi 7.3. Ukiweka kamshafti hiyo na pia ukakwangua hedi milimita 1, unapata 8.0. Umelipia kazi mbili na bado uko chini ya pale ulipokuwa kabla hujafungua boliti hata moja. Ili kurudi kwenye 8.6 ukiwa na kamshafti hiyo, uwiano wa kitabuni lazima ufike karibu 11.2, jambo ambalo kwa kukwangua peke yake lingedai zaidi ya milimita 1 na nusu. Hapo hedi inakuwa nyembamba na valvu zinaanza kukaribia vichwa vya pistoni. Ndiyo maana wanaojenga injini za mashindano hununua kamshafti na pistoni zenye kichwa kirefu kwa pamoja.

Niliwahi kuliona jambo hili kwa macho yangu katika gereji moja hapa mjini. Kijana alikuwa amefunga kamshafti kubwa, gari likawa zito kuondoka, na fundi akachomoa plagi na kufunga geji ya kompresheni kwenye silinda ya kwanza. Kabla ya hapo injini hiyo ilikuwa ikisoma kama paundi 180. Sasa sindano ilipanda, ikatetemeka, ikasimama kwenye 145, na silinda zote nne zilikuwa hivyohivyo. Wakahukumu kwamba ringi za pistoni, zile zinazozuia mgandamizo usivuje, zimekwisha. Injini ikashushwa, ikafunguliwa, na kumbe ringi zilikuwa nzima na kuta za silinda bado zina alama za kiwandani. Sindano ile haikuwa imesema uongo; ilikuwa inaonyesha hewa iliyokuwa ikirudi nje kwa sababu valvu zilichelewa kufunga. Silinda zote zikishuka kwa kiasi kimoja baada ya kubadilishwa kamshafti, angalia kamshafti kabla ya kugusa pistoni.

Utauliza basi kwa nini magari ya mbio yanafunga kamshafti hizo. Jibu liko kwenye tofauti kati ya toki na nguvu. Toki ni ule mkazo wa kuzungusha ambao krenki inautoa, na nguvu ni mkazo huo ukizidishwa na kasi ya mzunguko. Kwa vipimo vya kitaalamu, chukua toki kwa nyutoni-mita, zidisha na mizunguko kwa dakika, kisha gawanya kwa 9,549, utapata kilowati. Chukua mfano wa injini inayotoa nyutoni-mita 140 kwenye mizunguko 4,800: hiyo ni kilowati 70. Ibadilishie kamshafti, iwe inatoa 130 tu lakini kwenye mizunguko 6,400, na tayari una kilowati 87. Toki imepungua na nguvu imeongezeka, na hakuna mwujiza wowote, maana kamshafti imehamisha mahali ambapo silinda zinajaa vizuri na kupapeleka juu. Lakini mahali pale pa chini pameachwa pakavu. Kwenye mizunguko 2,500, injini ya kwanza inaweza kuwa na nyutoni-mita 135, sawa na kilowati 35, na ya pili ikawa na 110, sawa na kilowati 29. Sasa jiulize, unapopanda kona za Soni ukiwa na abiria na mizigo, mshale wako wa mizunguko uko wapi? Uko kati ya 2,000 na 3,500. Hapo ndipo kamshafti ya rafiki yako inapokunyang'anya.

Ushahidi mzuri kuliko yote umeegeshwa mitaani kwetu. Toyota ilitengeneza injini ya 1NZ-FE, ile ya 1,497 iliyoko kwenye baadhi ya gari za IST, yenye uwiano wa 10.5 kwa 1 na nguvu ya takriban kilowati 80. Kwa msingi uleule, kipenyo kilekile na pigo lilelile, ikatengeneza 1NZ-FXE kwa ajili ya Prius, gari lake la petroli na umeme, ikaiandikia uwiano wa 13 kwa 1. Kwa mtu anayesoma namba ya mgandamizo peke yake, injini ya Prius ingekuwa moto wa kuotea mbali. Kumbe kwenye Prius ya kizazi cha pili inatoa kilowati 57. Sababu ni kamshafti: valvu ya kuingiza inachelewa sana kufunga kwa makusudi, sehemu ya hewa inarudishwa, injini inagandamiza kidogo lakini inapanua kwa uwiano mrefu, na kila tone la petroli linafanya kazi zaidi. Wazo la kuufanya upanuzi uwe mrefu kuliko mgandamizo ni la Mwingereza James Atkinson, wa miaka ya 1880, ingawa yeye alitumia mitambo ya mikono ya krenki badala ya kuchelewesha valvu. Kwa hiyo 13 imetoa nguvu ndogo kuliko 10.5, na hakuna aliyekosea. Kila namba imechaguliwa pamoja na kamshafti yake na kazi yake.

Wahandisi wametafuta njia ya kupata pande zote mbili. Mwaka 1989 Honda ilileta mtambo wa VTEC kwenye Integra, wenye nundu za aina mbili kwenye kamshafti moja, za mwendo mdogo na za mwendo mkubwa, na injini ya 1,595 ikatoa nguvu farasi 160. Mtambo wa VVT-i wa Toyota hufanya kitu tofauti: hauibadilishi nundu, bali unaisogeza kamshafti ya kuingiza mbele au nyuma wakati injini inakwenda. 4A-FE yako haina lolote kati ya hayo, kwa hiyo lazima uchague upande mmoja.

Nirudi kwenye kugonga, kwa sababu hapa ndipo Tanga inapoingia. Mchanganyiko ukigandamizwa mno hupata joto, na ile sehemu ya mwisho ambayo moto wa plagi haujaifikia huweza kulipuka yenyewe kwa pamoja. Unasikia mlio mkavu kama changarawe ndani ya kopo, hasa ukikanyaga mafuta kwa nguvu ukiwa kwenye gia kubwa na mwendo mdogo, na ukiuzoea mlio huo utakuja kuzitoa pistoni zilizotoboka na ringi zilizokatika. Sisi tuko usawa wa bahari, ambako kila silinda inajaa hewa yenye presha kamili, na kwa miezi mingi hewa hiyo ina joto. Arusha na Lushoto ziko karibu mita 1,400 juu, na huko presha ya hewa ni pungufu kwa kama asilimia 15. Injini yenye uwiano mkubwa inaweza kutulia kabisa Arusha, na ikishuka Segera kuja pwani ikaanza kugonga, petroli ileile, taimingi (wakati wa cheche ya plagi) ileile. Kwa hiyo ushauri wa fundi wa bara, hata awe bingwa, lazima upimwe kwa mahali unapoendesha. Kwa upande wako, milimita 1 ya hedi pamoja na kamshafti ya kiwandani inapandisha mgandamizo wa kweli kutoka 8.6 hadi 9.4. Sikushauri kufika huko kwa petroli ya kituo cha kawaida, kwa sababu itakubidi urudishe nyuma taimingi ya cheche ili kunyamazisha mlio, na kwa kufanya hivyo unaitupa faida yote uliyolipia.

Ukikwangua nusu milimita, uwiano unafika 9.9 na mgandamizo wa kweli 9.0. Huo ndio mpaka ambao mimi ningeuweka kwa gari linalolala Tanga, na iwe tu kama hedi inafunguliwa kwa sababu nyingine, kwa mfano gasketi imeungua. Kufungua hedi nzima kwa ajili ya nguvu farasi 1 au 2 si matumizi mazuri ya pesa. Na kabla ya mashine kugusa chuma, pima chumba. Hedi igeuzwe, valvu na plagi zikiwa zimefungwa, upakwe mstari mwembamba wa grisi kuzunguka mdomo, ubandikwe kipande cha plastiki ngumu inayoonyesha, chenye tundu dogo. Chukua sirinji kutoka duka la dawa, jaza mafuta ya taa taratibu hadi kipovu cha mwisho kitoke, na uandike ulichoingiza. Fanya hivyo kwa vyumba vyote vinne. Nimekuta hedi ambayo chumba kimoja kinazidi kingine kwa zaidi ya sentimita 1 ya ujazo kwa sababu ilikwanguliwa upande zamani, na mwenye gari hakuwa na habari.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalitaji. Belti ya taimingi inavuta kamshafti kwa upande mmoja tu, na upande wa pili unakazwa na tensa. Ukikwangua hedi, kamshafti inashuka kuelekea krenki, na kwa sababu hiyo inachelewa kidogo. Milimita 1 inaleta ucheleweshaji wa takriban digrii 2 za krenki. Ni kidogo, lakini mwelekeo wake ni uleule wa kupunguza toki ya chini, yaani kinyume cha unachotaka. Anayejua kazi hulisahihisha kwa puli inayorekebishika. Usijaribu kulisahihisha kwa kuruka jino la belti, kwa maana jino moja ni zaidi ya digrii 10 za krenki, na injini itakuwa mbaya kuliko ilivyokuwa. Puli hiyo hiyo, ikiwekwa ili kamshafti ya kiwandani iwahi digrii 3 au 4, inafunga valvu ya kuingiza mapema na kukuongezea mvuto wa chini bila kukwangua chochote. Hata hivyo mgandamizo wa kweli unapanda kidogo, kwa hiyo sikiliza mlio.

Lakini ningekuwa wewe, ningeanza na geji. Injini ya umri huo mara nyingi haijapungukiwa na ubunifu, imepungukiwa na afya. Pima kompresheni ya silinda zote nne injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa na pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka chini. Silinda ikiwa chini ya wenzake, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi na upime tena: sindano ikipanda, ringi zimechoka, ikibaki palepale, tazama valvu na gasketi. Angalia nafasi za valvu kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia, kwa kuwa valvu iliyobana haifungi vizuri na iliyolegea inafunguka kidogo na kufunga mapema. Hakikisha pia alama za belti ya taimingi zimekaa mahali pake. Nimeyaona magari mengi yaliyokuwa yakishindwa mlima wa Soni yakipanda bila shida baada ya valvu kusagwa upya na belti kurudishwa jino lililokuwa limerukwa.

Ile kamshafti ya Mombasa mwambie rafiki yako aitunze. Siku atakapojenga injini ya mashindano yenye uwiano wa 11 na zaidi, springi ngumu za valvu, mafuta ya okteni ya juu, yaani yanayostahimili mgandamizo bila kugonga, na kompyuta iliyopangwa upya, itafaa sana. Kabla ya kuifunga aweke udongo laini wa kufinyangia juu ya pistoni, azungushe krenki kwa mkono mizunguko 2 kamili, kisha akate udongo huo na kupima unene uliobaki pale valvu zilipogandamiza. Upande wa kuingiza usipungue milimita 2, na upande wa eksozi usipungue 2 na nusu. Ukiwa chini ya hapo, asiwashe.